Paralelogramu ya Papa Glodie

Mimi wapangaji nimewaona. Nimekaa na walevi, nimekaa na watu wa maombi wanaompigia Mungu kelele alfajiri utadhani ni kiziwi, nimekaa hata na bwana mmoja aliyefuga bata chini ya kitanda. Lakini mpangaji wa kuzunguka lupango, yaani kiwanja changu chote, daftari mkononi, akijisemea mambo ya pembe na mistari, huyo nilimpata mmoja tu. Jina lake Kakule.

Lupango letu liko Naviundu, huku kusini mwa nchi, karibu na mto. Nyumba yangu iko mbele, vyumba vitatu vya kupangisha viko nyuma, na bomba katikati linalotoa maji likijisikia. Kakule aliingia chumba cha mwisho mwezi wa kwanza wa 2025. Alitoka Kivu ya Kaskazini na mzigo wa maharagwe, auze, anunue vitu vya huku, arudi. "Mama Honorine, ni wiki tatu tu, hata godoro sitanunua." Nikamwambia karibu. Wiki tatu hazijaisha, Goma ikaanguka. Uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafungwa, na njia aliyojia ikawa njia ya watu wenye bunduki. Godoro alikuja kulinunua mwezi wa tatu, na siku aliyolileta aliliingiza chumbani, akafunga mlango.

Alipata kazi kwenye depo ya watu wa kwao, kule mjini katikati, kuendesha lori la unga mpaka Kipushi. Asubuhi anatoka, jioni anarudi, na akirudi hakai. Nampa kiti, anakishika mgongo, anakiacha. Anatembea kutoka bombani mpaka kwenye lango, kutoka kwenye lango mpaka bombani.

"Papa Glodie, utachimba bulongo yangu na hiyo viatu!"

"Mama, nikiikala tu, kichwa inakimbia kule."

Kule maana yake ni kwa Glodie, binti yake, na ndiyo sababu hapa wote tulimwita Papa Glodie. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake alifariki zamani. Vita vilipofika mji wao, kusini mwa Lubero, Glodie alikimbia kwa miguu na shangazi yake Kavugho mpaka Butembo. Walibeba sufuria, blanketi na Biblia. Karatasi za shule hakuna aliyezikumbuka, na mimi siwalaumu, ukisikia bunduki nani atatafuta karatasi?

Sasa mwezi wa saba Glodie akapiga. Walikuwa na simu moja, ya Kavugho, ile ndogo ya batoni, ya kuongea tu. Picha haina, intaneti haina. Akamweleza baba yake habari za shule. Mkuu wa sekondari, ambaye huku tunamwita prefe, alikuwa amesema watoto wakimbizi wasio na karatasi watafanya mtihani wa hesabu Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Ukipata kumi juu ya ishirini, unaingia mwaka wa tatu. Usipopata kumi, unarudi mwaka wa kwanza.

"Papa, kule mwaka ya kwanza beko na myaka kumi na mbili. Mi sitaikala nabo. Nikikosa, naacha masomo. Nitauzisha vitunguu na tantine Kavugho."

Kakule alinijia na uso umekwisha. "Atafanya, Mama Honorine. Si maneno ya kutisha. Mi mwenyewe niliacha vile vile. Nilisema naacha kidogo, nitarudia."

Alikuwa ameachia mwaka wa pili. Sasa ana miaka arobaini na moja.

Hesabu za kawaida Glodie alizijua vizuri. Kilichomshinda ni jiometri. Miaka miwili shule yao ilifunguliwa na kufungwa, ikafunguliwa na kufungwa, na mwalimu wa jiometri alikimbia kabla hajaonyesha watoto bikari inashikwa vipi. Basi Kakule akawaza mpango wake. Kwenye depo kulikuwa na intaneti ya bosi. Angeshusha video za masomo kwenye simu yake, angejifunza yeye hapa Naviundu, halafu angemfundisha mtoto kwa mdomo.

"Jiometri kwa simu?" nikamwuliza. "Ni sawa na kumpikia muntu bukari ndani ya barua."

"Basi nitapika ndani ya barua."

Mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Mwezi wa saba hapa ni baridi. Alfajiri, kabla ya kwenda kwenye lori, utamwona amejifunika blanketi mabegani, simu ameiegemeza kwenye ndoo, daftari juu ya kigoda. Kwenye video kuna mwalimu wa miwani, ubao wa kijani, Kifaransa safi cha taratibu. Taratibu kwa mwalimu, siyo kwa Kakule. "Ngoja! Wee papa, ngoja kwanza!" Anarudisha nyuma. Mwalimu anasema tena yale yale. "Nimesikia umesema, lakini umetoka nayo wapi?" Anarudisha tena. Siku moja alitupa bikari juu ya ukuta, ikaangukia kwa jirani yangu Albertine, akaenda kuiomba na suruali ya kulalia. Hasira zile hazikuwa za mchezo. Tarehe ilikuwa inakuja, na yeye bado yuko somo la tano.

Kilichomsumbua zaidi ni herufi. Pembe A, pembe B, mstari wa C mpaka D. "Mama, hizi letre hazina mama, hazina baba. Nikigeuza kichwa tu, zimeshanitoroka." Akazunguka lupango siku mbili na neno hilo. Siku ya tatu akaja amechangamka. Alikuwa amewapa herufi majina ya watu.

Kwao Wanande mtoto wa kiume anapewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Mnande hasahau zamu hiyo hata umwamshe usingizini. Basi A ikawa Paluku, B Kambale, C Kasereka, na D akawa yeye mwenyewe, maana kwao ni wa nne na wa mwisho. Glodie alilipenda jambo hilo mara moja. Hata mimi nililipenda, ijapokuwa sikumwambia.

Kila jioni saa kumi na moja alisimama langoni, mahali mtandao unaposhika vizuri, simu sikioni, na mkono wa pili unachora hewani. Daftari aliliacha chumbani, angelishika na mkono gani? "Toka kwa Paluku, shuka mpaka kwa Kambale. Sasa Kasereka amesimama mbali sawasawa na bote babili. Umeona? Basi pembe ya Paluku na pembe ya Kambale iko sawa." Mimi nasonga bukari yangu na nasikiliza. Albertine alikuja siku moja kuniuliza kwa sauti ya chini hao ndugu wanagombania nini, ni urithi? Nikamwambia wanagombania pembe. Akaenda zake amekasirika.

Pembetatu zilikwenda vizuri. Glodie alikuwa anajibu haraka, mara nyingine anamtangulia baba yake. Katikati ya mwezi wa nane wakafika kwenye paralelogramu, lile umbo la pande nne ambalo pande zake zinazotazamana hazikutani kamwe na urefu wake ni sawa. Na hapo nikasikia mtoto amebadilika.

"Papa, uko sûr kweli?"

"Mwalimu amesema, Glodie."

"Sawa, papa."

Wiki nzima ikawa hivyo. Sawa, papa. Sawa, papa. Kakule akafurahi, akasema mtoto ameshika. Mimi nimezaa, najua sawa ya mtoto aliyeshika na sawa ya mtoto aliyenyamazishwa. Lakini mambo ya mistari mimi nayajulia wapi?

Alhamisi, siku mbili kabla ya mtihani, nilikuwa barazani nachambua maharagwe. Yeye anapita mbele yangu akijikumbusha kwa sauti. Nikachukua kipande cha makala, yaani mkaa, nikasema acha leo nifuate na mimi, nichore kwenye saruji. Mimi ni fundi wa nguo, mkono wangu unajua kukata.

"Paluku juu, kushoto," anasema. Nikaweka. "Kambale juu, kuume. Kasereka chini ya Paluku. Kakule chini ya Kambale." Nikaweka. "Sasa zile diagonali. Vuta mustari toka kwa Paluku mpaka kwa Kasereka. Vuta ingine toka kwa Kambale mpaka kwa Kakule. Inakutana katikati kabisa."

Nikavuta. Nikatazama. "Papa Glodie, haikutane."

"Inakutana."

"Moja inashuka huku, ingine inashuka kule. Nitaivuta mpaka Likasi, haitakutana!"

Akaja, akainama juu ya kichwa changu. Akaingia chumbani, akatoka na daftari. Katika daftari, alivyonakili kutoka kwenye video, C iko chini ya B, na D iko chini ya A. Yule mwalimu alikuwa anawapanga kwa kuzunguka, kama mtu anayezunguka nyumba, kona kwa kona. Kakule akatazama daftari, akatazama saruji, daftari, saruji.

"Njo vile tulikuwa tunalala," akasema.

"Ndivyo mlikuwa mnalala nani?"

"Kwetu. Chumba moja, batoto bane. Bakubwa babili ku kitanda, badogo babili chini ku mukeka. Kasereka chini ya Paluku, mi chini ya Kambale. Nikishika simu, nikisema majina, kichwa inabalalisha vile tulikuwa tunalala."

Wiki nzima alikuwa amemfundisha mtoto kitanda cha utotoni mwake.

Akapiga simu pale pale. Hakuna. Akapiga tena. Sauti ya mwanamke wa mashine. Mtandao wa kule ulikuwa umekatika, na watu wa depo wakamthibitishia kwamba hakuna anayempata mtu Butembo. Ijumaa hakuna. Alipanda juu ya lori, akapanda juu ya paa langu, nikampigia kelele atavunja bati, hakunisikia. Aliomba simu ya Albertine, akaomba ya muuza mkate. Nilihesabu mpaka nikachoka. Jumamosi saa tatu, saa ya mtihani, nikamkuta amesimama langoni, simu sikioni. Simu haikuwa imeshika. Naye alikuwa anaongea. "Kasereka chini ya Kambale, Glodie. Chini ya Kambale. Mi niko chini ya Paluku." Nikarudi ndani, nikafunga mlango. Roho iliniuma vibaya.

Jumatatu simu ikalia. Ilikuwa Kavugho, akampa mtoto.

"Papa, nimepata kenda."

Tisa. Tisa juu ya ishirini. Swali la paralelogramu lilikuwa na pointi nne, na yeye amepata sifuri.

"Glodie, ni mi," Kakule akasema. "Si weye. Mi nilibapanga mubaya. Kasereka ilikuwa aende chini ya Kambale."

Mtoto akashusha sauti.

"Nilijua, papa."

"Ulijua nini?"

"Siku ya kwanza tu nilichora, nikaona ile mistari haikutane. Hata ku mtihani niliona."

"Na uliandika nini?"

"Niliandika inakutana katikati."

"Sababu gani?"

"Ni weye ulisema."

Mama wee. Nilikuwa nimeshika ungo, nikauweka chini. Sisi wote tumewalea hivyo. Baba akisema jua ni jeusi, mtoto anasema ndiyo, papa. Mimi mwanangu Fils nilimpiga kofi akiwa na miaka tisa kwa sababu alisema "lakini mama", na jambo lenyewe, Mungu wangu, alikuwa na haki. Kakule alisimama. Miguu yake ilikuwa inaenda bila yeye kwenda popote. Halafu akasema: "Mwambie tantine kesho akufikishe kwa prefe. Na simu. Nataka kuongea naye."

Kesho yake hakwenda kazini. Saa nne simu ikalia. Akanipa mimi niishike, tukaweka sauti ya nje. Prefe alikuwa anaitwa Adalbert, sauti kavu ya mtu aliyeona wazazi wengi.

"Monsieur le préfet, kosa si ya mutoto. Yeye aliona. Mi njo nilimufunga macho."

"Papa, wazazi wote wanasema hivyo."

"Basi unipime mi."

Nikasikia walimu wanacheka huko nyuma. Prefe hakucheka. "Wewe?"

"Mi njo mwalimu yake. Kama sijue, basi mutoto arudie mwaka ya kwanza. Kama najua, umupe karatasi ingine."

Kiti kikaburutwa. "Bon. Nimesimama ubaoni, chaki iko mkononi. Paralelogramu. Niambie nichore nini."

"Weka Paluku juu, kushoto."

"Paluku?"

Kakule akamweleza. Prefe naye alikuwa Mnande, nikasikia sauti imelegea kidogo. "Endelea na ndugu zako."

"Sasa tembea kama unazunguka nyumba. Usikate katikati. Kambale juu, kuume. Shuka, Kasereka chini ya Kambale. Rudia kushoto, Kakule chini ya Paluku. Funga." Alikuwa amefumba macho. Jasho lilimtoka na upepo ule wa mwezi wa tisa. "Vuta Paluku mpaka Kasereka. Vuta Kambale mpaka Kakule. Mahali inakutana, ita O."

"Na O iko katikati. Kwa nini? Usiniambie mwalimu wa video amesema."

Kakule alifungua macho, akatazama hewani kana kwamba anawaona kweli.

"Angalia pembetatu mbili, ya juu na ya chini. Upande wa Paluku na Kambale ni sawa na upande wa Kasereka na Kakule, maana pande zinazotazamana ziko sawa. Pande hizo hazikutani kamwe, kwa hiyo mustari ukizikata, pembe inayofanyika kwa Paluku ni sawa na ile ya kwa Kasereka. Na ya kwa Kambale ni sawa na ile ya kwa Kakule. Upande moja sawa, pembe mbili sawa: pembetatu zile mbili ni sawasawa. Basi toka Paluku mpaka O ni sawa na toka O mpaka Kasereka. O hana pengine pa kukaa, ni katikati."

Chaki ilisikika ikigonga, ikasimama.

"Papa," prefe akasema, "wewe nakupitisha mwaka wa tatu. Ila kiti cha kukutosha sina." Sasa wote wakacheka, hata mimi. "Mtoto aje kesho saa mbili. Karatasi mpya, maswali mengine. Akikosa, usinipigie tena."

Akamrudishia Glodie simu. Kakule akaninyang'anya yake mkononi.

"Glodie, sikia. Mi ni papa yako, nitabaki papa yako. Lakini kesho ku ile karatasi, usinitii. Kitu macho yako inaona, na mi nilikuambia ingine, andika ya macho yako. Unanisikia?"

"Sawa, papa."

"Usiniambie sawa papa!"

Kicheko kidogo, cha kwanza tangu mwezi wa saba. "Nimesikia."

Jumatano ile sitaisahau. Alizunguka lupango toka saa kumi na mbili. Nilimpa chai, akaiacha juu ya bomba, ikapoa hapo. Saa tatu. Saa tano. Mimi nilishona mkono wa kulia wa gauni mahali pa mkono wa kushoto, nikafumua, nikashona vile vile tena. Saa sita na nusu simu ikalia, tukaikimbilia wote wawili.

"Papa, kumi na tano!"

Alifungua mdomo kupiga kelele, mtoto akamwahi.

"Lakini ngoja, papa. Swali ya ine. Ulikuwa umenikosesha tena."

"Wapi?"

"Ile ya shamba. Ulinifundisha ukizidisha kila upande mara mbili, shamba inakuwa mara mbili. Nilichora, papa. Nikahesabu. Shamba ine ndogo zinaingia ndani. Niliandika mara ine, si mara mbili." Akavuta pumzi. "Yako sikuiandika."

Kakule akashusha simu kifuani. Akanitazama, machozi yanashuka hadharani, wala hakujificha. Halafu akafungua lango, akatoka barabarani katika vumbi lile, akapaza sauti mpaka watu wakasimama na mizigo yao kichwani.

"Amenikatalia! Basikie bote! Mutoto wangu amenikatalia!"